Mji Uliolipa Ziwa Kisogo

Ukisimama chini barabarani, pale pikipiki zinapongoja abiria wa Uvira, ukainua macho kutazama Nakishaka, hutaona mlango hata mmoja. Utaona mabati, migomba, na migongo ya nyumba iliyopandana mlimani. Mgeni hudhani kijiji kimehamwa. Kumbe tupo tele, tunapika, tunasengenyana, watoto wanapigwa na kubembelezwa kama kwingine kote, ila milango yetu yote inatazama mlima.

Mimi Émérance niliolewa hapa nikakuta hivyo. Jua la asubuhi linachomoza upande wa Burundi, linavuka ziwa lote, linafika Nakishaka na kugonga kuta zisizo na hata dirisha, na sisi tuliomo ndani tunawasha tochi kutafuta kiatu cha pili. Jioni, wakati wenzetu wa ng'ambo bado wanaota jua, mlima umeshatufunika. Tunapewa jua bure na tunalikataa! Nilipomwuliza mama mkwe wangu sababu, alinijibu kwamba bibi arusi haulizi mlango, anafagia mbele yake. Nikafagia miaka yote hiyo.

Jirani yangu Donatien ndiye aliyeacha kufagia, na ndiyo maana namsimulia yeye wala si mtu mwingine.

Donatien ni seremala. Ni mrefu, mgongo umeanza kupinda, na penseli yake haikai sikioni kama ya maseremala wengine, inakaa ndani ya nywele, kwa hiyo kila siku anaitafuta mfukoni. Kijijini anaitwa Papa Juu-ya-Nini. Juu ya nini ndiyo kwa nini yetu ya huku, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kuuliza juu ya nini hiki, juu ya nini kile, hadi katekista akamhamishia benchi la nyuma. Ukimwagiza kitanda atakuuliza juu ya nini unalala upande wa ukutani. Hata mke wake, Olive, alimpata kwa maswali. Alikwenda Luvungi kutengeneza rafu za duka, akamshika binti wa mwenye duka kwa maneno: juu ya nini watu wa Luvungi wanauza mchele wote wakati wa kuvuna, halafu wanaununua tena wakati wa njaa? Olive anasema alikubali kuolewa ili huyo mtu anyamaze. Hakunyamaza.

Lakini mwenye kuuliza yote huacha lake. Nusu ya milango ya Nakishaka aliitundika yeye kwa mikono yake, na hakuwahi kuiuliza neno. Wazazi wake walikuja huku baada ya vita vya zamani, wakakuta nyumba tupu, wakaingia, akazaliwa humo. Wengi wetu hapa ni hivyo. Vita vimeupepeta mji huu mara nyingi, wa kwanza wakaenda, wa pili wakaja, na aliyekuta kitu alikichukua kama alivyokikuta. Wa tangu mwanzo alikuwa amebaki mmoja tu, Mama Apollinarie, na huyo alikuwa hasemi mambo ya zamani.

Kilichomwamsha Donatien ni shemeji yake, Domitille.

Domitille alikuwa mke wa kaka yake, mvuvi, aliyefariki kwa homa. Walikaa chini kabisa, ufukweni, katika nyumba yenye ua mpana wa kuanikia ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Ziwa lilipoanza kupanda miaka hii, halikuja kwa kishindo. Lilikuja taratibu kama mgeni anayesogeza kiti chake karibu na chungu. Lilichukua ua, likachukua jiko. Domitille akainua kitanda juu ya matofali, kisha akaongeza matofali, kisha akaona kwamba anajengea kitanda ghorofa ndani ya maji, akafunga vyombo. Akapanda Nakishaka na binti zake wawili, beseni zake, na nyavu za kuanikia, akaingia nyumbani kwa Donatien.

Nawaambia ukweli, niliishi ukuta mmoja nao. Wanawake wawili, jiko moja. Olive ni mtu mwema na Domitille ni mtu mwema, na wema wao ulikuwa ukigongana kutwa nzima. Mmoja anatia chumvi, mwingine anatia chumvi. Mmoja anahamisha mbabula, jiko la makaa, mwingine anairudisha. Donatien akawa anakula haraka na kwenda kulala karakanani.

Kwa hiyo Shefu Evariste, mkuu wa kijiji, alipompa Domitille kiwanja ukingoni mwa kijiji, kila mtu alifurahi, na mimi zaidi. Wakapiga matofali, wakainua kuta, wakapandisha mabati. Wakati wa kupima nafasi ya mlango ulipofika, Donatien akaweka kamba upande wa mlima bila kufikiri. Domitille akaing'oa.

"Hapana, shemeji. Mulango yangu itaangalia ziwa."

Watu walicheka, wakidhani ni mzaha. Hakuwa na mzaha. Alieleza mwenyewe, mikono kiunoni, mbele yetu sote.

"Minye natumika kazi ya ndagala. Asubuhi mitumbwi inarudi. Kama mutumbwi imezama kidogo mu maji, iko na samaki, nashuka mbio. Kama inaelea mwepesi, haina kitu, nabakia na kulima. Nikiwa na mulango ku mulima, nitaona nini? Mihogo yenu? Na ndagala nitaanika mu kivuli?"

Ilikuwa sababu safi. Ningeipitisha. Lakini Mama Apollinarie, aliyekuwa amekaa juu ya tofali akitazama ujenzi kama alivyotazama kila jambo la kijiji, akasimama.

"Mulango ya kuangalia ziwa inaita maji," alisema.

Hakuongeza kitu. Akaenda zake. Na kicheko kikakatika palepale. Neno hilo sote tulikuwa tumelisikia tangu tufike Nakishaka, na zamani lilikuwa neno tu, la kutishia watoto. Lakini mwaka huu, tukiwa tunaona kila asubuhi jinsi mitende ya chini ilivyosimama ndani ya maji hadi shingoni, hakuna aliyetaka kulijaribu.

Shefu Evariste si mtu mbaya. Ni mtu wa kati, apendaye wote waende nyumbani wakiwa wameshiba. Alimwita Domitille akambembeleza kwa methali: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

"Ni kweli, Shefu," Domitille akamjibu. "Sasa kama si mulango, juu ya nini munagombana na yangu?"

Shefu akakohoa. Kisha akasema yaliyokuwa mazito. Hakuna atakayevunja ukuta wake, mtu na nyumba yake. Lakini mlango ukienda ziwani, watu wa Nakishaka hawatakuja kupiga sakafu.

Hapa lazima nieleze. Kwetu nyumba haimaliziki kwa bati. Inamalizika kwa sakafu. Tunachukua udongo mwekundu wa bondeni, tunachanganya na majivu na mavi ya ng'ombe yanayoshushwa kutoka Bijombo, juu milimani, tunalowesha, halafu mji mzima unaingia ndani peku. Wanakanyaga, wanapiga kwa vibao, wanaimba matusi ya kuchekesha kumhusu mwenye nyumba, hadi udongo unakuwa mgumu. Kazi hiyo haifanywi na watu wanne. Ikifanywa na watu wanne inakauka vibaya, inapasuka, na mvua ya kwanza inapita chini ya ukuta na kugeuza chumba kuwa tope. Zaidi ya hayo, ambaye sakafu yake haikupigwa na mji si wa mji. Atasalimiwa, ataazimwa kisu, lakini akiugua hawatambeba. Domitille alilijua hilo. Alikuwa amekwisha kupoteza mji mmoja majini, na mvua zilikuwa zinakaribia.

Usiku ule niliwasikia kupitia ukuta. Olive alikuwa akisema kwa sauti ya chini kwamba shemeji akubali tu mlango wa mlima, amani irudi. Domitille akasema, "Nimetoa nyumba, nimetoa bwana, nimetoa ua. Sasa banataka nitoe hata macho." Nililia kidogo. Halafu nikamsikia Donatien akiuliza, si mtu fulani, bali giza lenyewe: "Lakini juu ya nini?"

Kuanzia siku ile aliacha kazi za watu. Kitanda changu nilichokuwa nimemwagiza kikabaki miguu mitatu.

Alianza na upepo, kwa kuwa Olive alimwambia kwamba milango imekimbia upepo wa ziwani unaozima moto. Akaja kwangu kuomba vipande vya vitambaa, maana mimi ni mshonaji na vipande ninavyo. Akavifunga juu ya vijiti, mbele na nyuma ya nyumba, vya rangi zote, hadi kijiji kikaonekana kina sherehe. Alivitazama mchana na jioni. Akagundua kwamba mchana upepo unatoka ziwani na usiku unashuka kutoka mlimani, kwa hiyo ukitaka kuukimbia lazima uzungushe nyumba mara mbili kwa siku. Vitambaa vyangu sikurudishiwa.

Kisha akamwuliza Ngendakumana, mchungaji anayeshusha maziwa kutoka Bijombo. Ngendakumana akatua madumu yake akawaza. Alisema kwamba ni mawe. Wakati wa mvua mawe yanaporomoka, na mwenye mlango wa juu anayaona yakija.

"Na kama mulango iko wazi?" Donatien akauliza.

"Iko wazi namna gani?"

"Si jiwe itaingia bila kubisha hodi?"

Ngendakumana akacheka hadi akakaa chini. Akasema kwamba huko juu kwao ng'ombe hawaulizwi maswali ya namna hiyo, ndiyo maana wanatoa maziwa.

Shefu Evariste naye alikuwa na jibu lake, na lilikuwa la heshima. Alisema kwamba hapo kale wakamata watumwa walivuka ziwa wakaja kuchukua watu, na wazee wakaapa kutolifungulia tena mlango. Donatien alirudi nyumbani ameguswa sana, akatusimulia. Domitille alikuwa anachambua maharage, hata hakuinua kichwa. "Adui anatoka mbele," akasema, "na weye unamupatia mugongo? Bazee bale walikuwa bajinga?" Donatien akaenda kulala na swali lake. Nilimwona alivyokonda. Mwanaume anayetafuta sababu hukonda kuliko anayetafuta chakula.

Domitille ndiye aliyechoka wa kwanza. "Weye unatafuta sababu," alimwambia, "minye natafuta mulango. Mvua itakuta nyumba iko na tundu."

Na huenda yangeishia hapo kama si Meza.

Meza ni mahali petu pa kuanikia mihogo, juu kidogo ya nyumba za zamani, ukingoni mwa korongo lililokwisha kujaa udongo. Ni jukwaa la mawe, bapa, refu kupita mtu aliyelala, limetulia pale kana kwamba Mungu aliwaza wanawake wa Nakishaka. Jua linafika, kuku hawafiki. Tunamwaga mihogo, tunakaa ukingoni, tunazungumza ya watu. Tangu niolewe nimeanika pale, na mama mkwe wangu alianika pale. Hakuna aliyewahi kuuliza limetoka wapi, kama usivyouliza jiwe.

Siku hiyo Donatien alituletea maji, kwa sababu Olive alimfukuza nyumbani akafanye lolote la maana. Akakaa nasi. Akaanza kupapasa ukingo wa Meza kwa kidole gumba, kama anavyopapasa ubao kutafuta ukucha wa randa, ule mkwaruzo unaoachwa na chuma. Akapapasa jiwe hili na lile. Akainama kabisa, matako juu, tukamcheka.

"Mama Émérance," akaniita, "jiwe hii ilikatwa."

"Ilikatwa na nani?"

"Na fundi. Ona kona. Ona ingine. Zote ziko sawa. Juu ya nini muntu akate mawe ya kuanika mihogo?"

Akashuka korongoni. Sisi tukaendelea na mazungumzo yetu, tukamsahau. Tulisikia jembe. Aliazima jembe shambani kwa mtu na akachimba chini ya Meza siku nzima na kesho yake pia, akitoa udongo, mizizi, na makopo. Mchana wa siku ya pili akapiga ukelele, tukadhani ni nyoka. Tukakimbia. Alikuwa amesimama ndani ya korongo, udongo hadi kiunoni, na mbele yake palikuwa na tundu jeusi, lenye mawe yaliyopangwa juu kwa upinde mzuri kabisa. Maji machache yalikuwa yameanza kupita humo, polepole, yakijikumbusha njia.

Lilikuwa daraja. Tumeanika mihogo juu ya daraja maisha yetu yote.

Sijui nieleze vipi nilivyohisi. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga mtu. Donatien yeye alikuwa ameshaanza kutembea. Alipanda upande wa pili wa korongo, akaingia katika mashamba ya mihogo, akifuata jambo ambalo sasa nasi tuliliona: ukanda wa ardhi tambarare, mwembamba, unaokata mteremko kutoka daraja hadi mwisho wa kijiji. Tulikuwa tukiusifu kwamba ni rahisi kulima. Ukanda huo ulipita mbele ya nyumba zote za zamani, mlango kwa mlango, bila kuruka hata mmoja.

Jioni Shefu aliita watu. Donatien alisimama, udongo hadi kwenye nywele, penseli imepotea.

"Milango yetu haiangalie mulima," alisema. "Inaangalia barabara. Barabara ya magari ilipitaka hapa. Batu balijenga ku barabara, sawa vile batu bote banajenga ku barabara. Halafu barabara ikakufa, mihogo ikaota. Sisi tulikuja nyuma, tukakuta milango, tukasema ni mila."

Pakazuka kelele. Wengine walifurahi sana. Wengine walikasirika, kwa sababu hakuna anayependa kuambiwa kwamba amekaa gizani miaka yote kwa heshima ya barabara iliyokufa. Shefu Evariste akainua mkono. Alikuwa na swali, na lilikuwa swali zuri, hata Donatien alilistahi.

"Chini kule ni tambarare. Hakuna mawe, hakuna korongo. Ni mujinga gani atapitisha barabara huku ku mulima?"

Donatien akapapasa mfukoni kutafuta penseli. Papa Juu-ya-Nini aliulizwa juu ya nini, na hakujua.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na Mama Apollinarie. Nilimwona akivuta khanga yake na kuikaza, akiivuta na kuikaza. Macho yake yalikuwa juu ya Donatien, nayo hayakuwa ya hasira. Kisha akanyanyuka, akapita katikati ya watu na kuondoka, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwenye neno la mlango, watu wakaona kwamba amekataa, nao wakaondoka nyuma yake. Mkutano ukavunjika hivyo, bila uamuzi. Donatien alibaki amesimama uwanjani kama msumari uliopinda.

Asubuhi yake aliutundika mlango. Upande wa ziwa. Hakumwuliza mtu. Domitille alikaa kizingitini tangu fremu ilipokazwa hadi jua likapanda, anatazama tu mitumbwi inavyorudi.

Jumamosi tukapiga sakafu. Udongo ulikuwa umerundikwa ndani, umeloweshwa tangu alfajiri, na udongo huo haungoji mtu, ukikauka kabla ya kupigwa kazi yote ni bure. Tulikuwa Domitille, binti zake, Olive, Donatien na mimi. Tulikanyaga, tukajaribu kuimba, lakini matusi ya sakafu yanataka watu wengi. Ukiyaimba na watu wachache yanakuwa matusi kweli. Tulikuwa hatujamaliza hata pembe moja na miguu yangu ilishanisaliti. Kule juu watu walikuwa wamesimama nyuma ya nyumba zao, upande wa kuta, wakichungulia. Shefu alikuwa miongoni mwao. Olive akaanza kulia bila kuacha kukanyaga. Jikoni kwake alikuwa amemtaka Domitille aondoke, na sasa alikuwa anapiga udongo wake kwa hasira zaidi yetu sote.

Ndipo tulipomwona Mama Apollinarie akishuka.

Alishuka polepole, akishika migomba. Alipofika kwenye pembe ya nyumba alisimama. Ili aingie, ilibidi azunguke hadi mbele, na mbele palikuwa na ziwa. Alizunguka akiwa amegusa ukuta kwa kiganja, akitazama chini. Domitille akatoka, miguu ina udongo hadi magotini.

"Karibu, mama."

"Nataka niseme kitu," Mama Apollinarie akasema, na bado alikuwa anatazama chini. "Shefu aliuliza, ni mujinga gani. Hakuna mujinga. Chini hakukuwa barabara. Chini kulikuwa maji. Minye nilikuwa mutoto. Ziwa ilipanda, sawa vile sasa, ikakula barabara, ikakula manyumba. Bakapitisha barabara huku. Na sisi batu ba chini tukapanda, tukajenga ku barabara. Sisi bote. Nakishaka yote ni batu ba chini. Benye mashamba ya mulima balikuwa banatuita batu ba maji. Mama yangu akasema tusiseme tena kwenye tulitoka. Halafu maji ikarudi nyuma, barabara ikarudi, vita ikakuja, bakaenda. Nikabakia."

Donatien alikuwa ametoka, kibao mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliuliza kwa upole.

"Na mulango, mama? Juu ya nini ulisema inaita maji?"

Mama Apollinarie akaikaza tena khanga yake.

"Kwetu mulango iliangalia ziwa," akasema. "Asubuhi moja mama alinituma kufungua. Nikafungua. Maji ikaingia. Ikaingia yote, ikachukua mikeka, ikachukua unga. Ni minye nilifungua. Nilijua ni minye nimeita. Tangu ile siku nimekataza kila muntu."

Nilimtazama mwanamke yule, mkali wa kijiji, aliyetukemea sote, na nikamwona mtoto mdogo mwenye mkono juu ya komeo. Kijiji kizima kimeliogopa ziwa kwa sababu ya mtoto mmoja aliyedhani kosa ni lake, na katika miaka yote hiyo hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba si lake.

Domitille alimwambia. Alimshika mabega kwa mikono yake ya udongo, akamchafua khanga yote.

"Mama, kwangu mulango ilikuwa yenye kufungwa. Nilifunga na kufuli. Nilitia magunia ya muchanga. Na maji iliingia."

Mama Apollinarie akamtazama. Kisha, taratibu sana, akageuka, akatazama ziwa. Lilikuwa limetulia, jua limelala juu yake hadi Burundi. Alitazama muda mrefu, akitafuta, akilinganisha na kitu ambacho sisi wengine hatukukiona. Akanyoosha kidole.

"Pale. Karibu na ile mitende yenye kusimama mu maji. Kwetu kulikuwa pale."

Domitille akafuata kidole kile kwa macho. Nikaona uso wake unabadilika.

"Pale ni kwangu," akasema.

"Pale ku mitende?"

"Mitende iko mu ua yangu, mama. Minye nilikuwa namwangia maji."

Yule mama akafikiri. Akatazama tena mitende, akamtazama Domitille, kama mtu anayemtambua ndugu aliyemkuta njiani.

"Basi tuko bajirani," akasema. "Tangu zamani, mbele ya weye kuzaliwa."

Akavua kandambili zake, akazipanga vizuri kizingitini, akamshika Domitille mkono, akaingia katika udongo. Kule juu watu wakaanza kushuka, mmoja mmoja, kisha wengi, wakikunja suruali na khanga. Shefu Evariste alikuwa wa kwanza kuanzisha wimbo, na matusi aliyomwimbia mwenye nyumba siwezi kuyaandika hapa.